"Rufaa" au "dai" katika besiboli?

Swali: Mimi ni mwalimu wa mazoezi ya mwili huku Kadutu, mjini Bukavu. Ninawatafsiria wanafunzi kanuni za besiboli kutoka Kifaransa, na kila penye neno "appel" nimeandika "rufaa". Mwenzangu anakataa. Nani kati yetu amesema kweli?

Jibu: Mwalimu, kweli iko kwa mwenzako. Neno hilohilo la Kifaransa unalitumia asubuhi unapoita majina darasani, wala hujawahi kuliita zoezi hilo rufaa.

Asili ya "rufaa" ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuinua: aliyeshindwa kesi huiinua hadi Korti ya Rufaa, mbele ya mahakimu wengine, kwa hiyo sharti hukumu iwe imekwisha kutolewa. Uwanjani hukumu bado haipo. Mkimbiaji wa timu inayopiga akipita kituo cha pili, kimojawapo cha vituo anavyopaswa kuvigusa anapozunguka uwanja, bila kukigusa, mwamuzi hunyamaza hata kama ameona kwa macho yake, na mchezo unaendelea, mpaka walinzi, yaani wachezaji wa timu pinzani, wamguse mkimbiaji huyo au kituo kile kwa mpira na kulitaja kosa kabla mrushaji hajamrushia mpigaji mpira unaofuata. Ndipo mwamuzi yuleyule anapoamua, kwa mara ya kwanza.

Kanuni rasmi zinalieleza jambo hili kuwa ni tendo la mlinzi kudai kwamba timu inayopiga imevunja kanuni. Basi jina lake tunalo: dai. Mlinzi aliyekanyaga kituo kwa bahati tu, mpira ukiwa mkononi, hajadai kitu, kwa kuwa kanuni zinataka nia yake ionekane wazi, ama kwa maneno ama kwa tendo lisiloacha shaka. Ndiyo maana silipendi hata "ombi". Mwombaji hungoja hisani, bali mdai hushika haki yake.

"Rufaa" nayo ina mahali pake. Tangu 2014, katika ligi kuu ya Marekani, kocha asiyekubali aina nyingi za maamuzi anaweza kutaka picha za video zichunguzwe, na waamuzi wengine walioko New York ndio wanaouthibitisha uamuzi au kuugeuza. Hapo andika "kukata rufaa" bila wasiwasi.

Angalia pia kitenzi chenyewe. Andika "mlinzi alidai kwa mwamuzi kwamba mkimbiaji hakugusa kituo", wala usiandike "alimdai mwamuzi", maana wanafunzi wako wataelewa kwamba mwamuzi ana deni lake.