Plagi Inayopata Moto na Kompyuta Iliyoungua

SWALI: Shikamoo fundi. Ninaishi Chuno, Mtwara, na nyumbani ninachapa ripoti za wanafunzi. Chumba kina soketi moja tu, kwa hiyo nilinunua ekstensheni ya matundu sita iliyoandikwa kwamba inakinga umeme mkubwa, na humo nimechomeka kompyuta, printa ya leza, friji na pasi. Plagi yake hupata moto hadi nikasikia harufu ya plastiki, na jikoni wakiwasha birika la umeme, breka ya ampia 20 hujikata. Katika mvua zilizopita pawasapulai ya kompyuta (kisanduku cha ndani kinachoipa umeme) iliungua, ingawa taa ya ekstensheni inawaka mpaka leo. Fundi mmoja anataka kuniwekea breka ya ampia 32. Nimkubalie?

JIBU: Marahaba, dada. Usimkubalie, na kabla hujamaliza kusoma jibu hili nakuomba uchomoe hiyo plagi, kwa sababu harufu ya plastiki ina maana kwamba kuna kitu kimeanza kuungua.

Breka haikuwekwa kwa ajili ya kulinda kompyuta wala pasi, bali inalinda waya uliofukiwa ukutani. Waya wa soketi katika nyumba nyingi ni wa milimita za mraba 2.5, na ukitoka kwenye meinswichi kwenda upande mmoja tu, breka yake huwa ya ampia 20. Breka ya 32 hutumika pale ambapo waya huo umezungushwa kupita kwenye soketi zote na kurudi ulikoanzia, jambo ambalo fundi hulithibitisha kwa kupima, si kwa kukisia. Akibadilisha breka bila kupima, kujikata kutakoma, lakini joto litahamia ndani ya ukuta usikoweza kuliona wala kulinusa.

Tuhesabu mzigo wako. Kompyuta na skrini yake tuseme wati 250, printa ya leza inapopasha roli yake wati 800, friji 150, pasi 1,200. Jumla ni wati 2,400, na ukigawanya kwa volti 230 unapata zaidi kidogo ya ampia 10. Birika la jikoni lenye wati 2,000 likiingia kwenye laini hiyo hiyo, unafika ampia 19. Zikiongezwa televisheni na feni za sebuleni, na friji nayo ikaanza kuunguruma (mota yake inapoanza huvuta mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida), breka inajikata, na inafanya kazi yake sawasawa.

Huenda ukauliza kwa nini plagi inaungua kwa ampia 10 wakati imeandikwa 13. Tazama waya wa ekstensheni yenyewe. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini zina waya wa milimita za mraba 0.75, ambao ni wa ampia 6, hata kama plastiki imepigwa chapa ya 13. Tena sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi, inayokula shaba ya soketi hadi vibano vinalegea na kupata kutu ya kijani. Kibano kilicholegea chenye ukinzani (kizuizi cha umeme) wa nusu omu tu, kikipitisha ampia 9, hutoa joto la wati 40, yaani ni kama umeacha chuma cha kulehemu vifaa vya elektroniki kikiwaka ndani ya soketi. Fyuzi iliyo ndani ya plagi haitakusaidia hapo, kwa kuwa fyuzi ya 13 inaweza kubeba hata ampia 20 kwa muda mrefu bila kukatika.

Sasa kuhusu pawasapulai. Mwaka jana huko Lindi nilifungua ekstensheni inayofanana na yako. Ndani kulikuwa na varista, kidude cha bluu chenye umbo la kifungo cha koti, kimepasuka na kuwa cheusi, na taa ilikuwa bado inawaka kwa sababu iliunganishwa kuonyesha kwamba umeme upo, si kwamba kinga ni nzima. Varista hukaa kimya kwenye volti za kawaida. Volti zikiruka juu ghafla, inafunguka na kupitisha umeme huo pembeni, sehemu ukielekezwa kwenye ethi (waya unaopeleka umeme ardhini), na kila mara inachakaa kidogo mpaka inakufa. Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba plagi ilikuwa na miguu mitatu lakini waya ulikuwa na nyuzi mbili tu, hivyo mguu wa ethi haukuunganishwa na chochote.

Kwa hiyo kinga nzuri bila ethi nzuri ni nusu ya kinga. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, apime ethi yako, na ikiwezekana apime wakati wa kiangazi, kwa maana mchanga wetu mkavu hupitisha umeme vibaya, na ethi iliyofaulu mvua inaponyesha inaweza kufeli mwezi Septemba. Akikagua, abadilishe pia soketi hiyo na akuongezee nyingine tatu, ili friji na pasi zichomekwe moja kwa moja ukutani. Kwenye ekstensheni mpya, yenye waya wa nyuzi tatu wa milimita za mraba 1.5, zibaki kompyuta, skrini na modemu. Printa ya leza nayo ipate soketi yake.

Varista haiwezi kustahimili umeme mkubwa unaodumu, kama pale waya wa nyutro (unaorudisha umeme) unapokatika nje na volti zikapanda kuelekea 400. Kwa hilo tafuta kifaa kinachokata umeme ukizidi au ukipungua, kisha kinangoja dakika chache kabla ya kuurudisha. Radi nayo huruka nafasi ndogo iliyo ndani ya swichi, kwa hiyo mawingu yakianza kunguruma, chomoa plagi yenyewe pamoja na waya wa intaneti.