Mume wangu Mjerumani hununa kila Desemba, na sasa anawasha mishumaa

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Rabai, nimeolewa na Mjerumani mstaafu, mwaka wa nne huu tunaishi Mtwapa. Ni mtu mzuri, lakini Desemba ikiingia hubadilika. Kila siku saa mbili usiku huchukua simu akaenda barazani, anasema anaongea na bintiye, ila nikipita hushusha sauti. Jumapili ya kwanza aliwasha mshumaa mmoja mezani, ya pili akawasha miwili. Mama anasema ikifika minne kuna mtu atatolewa kafara. Mwaka jana tarehe 24 nilitoka na dada zangu, kurudi saa saba usiku nakuta chakula kimepoa, sahani mbili mezani, yeye kahamia chumba cha wageni. Hakunisemesha mpaka mwaka mpya, bila sababu. Labda ni kile kijiti chake cha mvinje alichokipamba, maana mpwa wangu alikichukua akafagilia uwanja. Ndugu zangu kumi na moja waja tena tarehe 23 na ameanza kuuliza watakaa siku ngapi. Nahisi ana mwanamke kwao. Nilifanya kazi Doha miaka miwili, nawajua wanaume wa ng'ambo. Nifanyeje? – Mwenye Mashaka*

Marahaba mwanangu. Pole kwa mashaka. Pole yangu imeishia hapo, sasa tuseme kweli.

Tuanze na hiyo simu. Desemba Ujerumani iko nyuma yetu saa mbili. Kwako ni saa mbili usiku, kwao ni saa kumi na mbili jioni, watu wametoka kazini, giza limeshaingia zamani maana jua lao mwezi huu huzama kwenye saa kumi. Ndiyo saa ya kumpata binti nyumbani. Mwenye hawara hatakuwekea ratiba ya kila siku, tena barazani kwako, mahali unapopita na beseni la nguo. Na sauti kushuka? Mwanamume akikabwa na machozi hushusha sauti. Hukuwahi kuona?

Mishumaa sasa. Bibi we, umezaliwa Rabai! Rabai ambako Krapf, Mjerumani vilevile, alijenga misheni mwaka 1846, na wewe hujui Majilio? Jumapili nne kabla ya Krismasi, kila Jumapili mshumaa unaongezeka mmoja. Mimi Muislamu wa Kibokoni nayajua hayo, mtoto wa kanisani unaambiwa kafara nawe unaitikia. Mpe mama salamu zangu, mwambie wa nne ukiwashwa asikimbie, aje ale biskuti.

(Na huyo Krapf, kwa taarifa yako, alitua Mombasa 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe na kichanga chao huko ng'ambo ya Nyali. Mjerumani kulia pwani hii hakukuanza na mumeo.)

Umeandika kwamba alinuna "bila sababu". Nimeirudia barua yako mara tatu na kila mara macho yangu yanagota kwenye zile sahani mbili. Umezitaja kama mtu anayetaja mvua ilinyesha. Wajerumani, mwanangu, Krismasi yao ni usiku wa tarehe 24. Hiyo 25 unayoingoja wewe na pilau lako, kwao ni sikukuu ya kutembeleana na ndugu. Usiku wao ni ule. Mzee wa watu alipika katika joto la nyuzi 32, jasho likimtiririka mpaka kwenye kitovu, akatandika meza ya watu wawili, akakaa. Saa mbili. Saa nne. Saa sita. Wewe uko disko. Ukarudi saa saba ukaona chakula kimepoa, na mpaka leo unauliza sababu!

Na kile unachokiita kijiti. Pwani hatuna msonobari. Alizunguka akatafuta mti unaofanana na wa kwao, akaupata mvinje, akaupamba. Mpwa wako kaufanya fagio. Wallahi hapo nilicheka, kisha nikaona haya kucheka.

Marehemu mume wangu alikuwa baharia. Idd moja ilimkuta bandari ya Hamburg, baridi ya kukata masikio, hakuna takbira, hakuna mtu wa kumpa mkono. Alijichemshia chai ya tangawizi, akavaa kanzu ndani ya koti la meli, akaketi kitandani. Hilo alinieleza baada ya miaka ishirini. Wewe nawe ulikuwa Doha. Krismasi ilikukuta ukipiga pasi mashati ya watu, siku ya kazi kama Jumanne yoyote. Hukulia chooni? Barua yako imeitaja Doha ili kunithibitishia kuwa wawajua wanaume. Mimi nimeisoma nikaona uijua ile kiu, na umeisahau kwa vile siku hizi mwenyeji ni wewe.

Hili ndilo linalonikera kutoka Diani mpaka Malindi. Watu wanaolewa na Mzungu, wanaoa Mzungu, wakimdhani hana kwao. Kashuka uwanja wa ndege na pensheni yake na pua iliyoungua, basi, historia yake imeanzia hapo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi tumeigeuza: mgeni njoo, mwenyeji alipiwe. Ukoo mzima una nambari yake ya simu, hakuna anayejua jina la mamake. Mkataa kwao ni mtumwa, twasema, halafu Mzungu akikumbuka kwao tunamtafutia hawara.

Naye ana lake, simfichi. Kununa mpaka mwaka mpya ni utoto, na mdomo alipewa autumie. Lakini hakuniandikia yeye.

Hao ndugu kumi na moja hukusema nani kawaalika, nami sina haja ya kuuliza. Wapigie leo, kabla wa Nairobi hawajakata tiketi za basi. Waje tarehe 25 saa nne asubuhi, wale pilau, wale maembe, waende ufuoni Pirates wakaogelee na umati, 26 jioni kila mtu kwake. Dada zako wana miguu, disko watafika bila wewe. Tarehe 24 ni yako na yake. Muulize leo usiku, akimaliza simu, kwao hupikwa nini siku hiyo, na umwombe azungumze na bintiye mbele yako, umwamkue mtoto wa watu.

Mvinje mkakate pamoja. Na huyo mpwa mnunulie fagio la chelewa, aje nalo.