Jibu: Kwa nini betri za simu zimekataliwa kwenye ndege

Habari mkuu. Umeuliza kwa nini wakala wa mizigo wa Dubai amekataa boksi lako la betri za simu, ilhali simu zenye betri ndani alizipokea.

Betri za lithiamu-ayoni (aina ya betri za simu) zikiwa peke yake ni UN3480, namba ya Umoja wa Mataifa ya mizigo ya hatari. Tangu Aprili 2016 hazipakiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria. Zinapanda za mizigo tu, chaji isizidi asilimia 30. Zikiwa ndani ya simu ni UN3481, masharti mengine.

Mimi hufungasha mizigo hii, na naanza na betri yenyewe. Ilaze mezani uizungushe kwa kidole: ikizunguka kama pia, imevimba. Hiyo itoe kabisa, hairuhusiwi ndege yoyote. Zilizobaki, ziba ncha kwa tepu, kila moja na mfuko wake. Muuzaji akupe muhtasari wa UN38.3, yaani majaribio ya usalama wa betri za lithiamu.

Tafadhali usitafute wakala wa kuziandika "spea" ili kuficha kuwa ni betri. Seli moja ya betri ikiwaka huwasha ya jirani. Septemba 3, 2010 ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS iliyotoka Dubai ilishika moto, shehena yake ikiwa na betri za lithiamu. Moshi ulijaa hadi marubani wasione vipimo vya ndege. Wote wawili walikufa.