Hio namba 24 ya kiatu iache huko huko Dubai (namjibu dada mwenye mtoto wa miezi 16)

Dadangu sijasalimia, utanisamehe. Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye feri, nikashuka Likoni bado naandika. Mtoto ana miezi 16, ndo ameanza kutembea juzi, nduguyo arudi Ijumaa kutoka Dubai na weye wataka amletee viatu namba 24 "ili avae mpaka mwaka ujao". Huyo ni mie kabisa miaka miwili ilopita, mpaka kile kikatuni cha kucheka ulichoweka mwisho. Mie sicheki tena. Mwanangu ana kovu kidevuni.

Sikiza. Idi ilikuwa imebaki siku nne, mamake kanipa kazi moja tu, viatu, kanzu na kofia ashamaliza mwenyewe. Nikaingia duka moja mjini, jina silitaji, mtoto nimemwacha nyumbani maana jua lile na saumu nani ataka kubeba mtoto mjini? Muuzaji aniuliza ana umri gani. Mwaka na miezi saba. Akavuta 24 hata hajafikiri. "Hii ya miaka miwili bwana, mtoto hukua huyu, wataka uje tena mwezi ujao?" Na nyumbani shangazi yangu ashanijaza kichwa kwamba kiatu cha mtoto ni kikubwa na pamba mbele, ndo walivyotulea. Shangazi nakupenda, lakini sisi tulikua miguu tupu mpaka siku ya maulidi, hio pamba ulimwekea nani?

Nikatoa 2,500. Cheusi, kinang'aa, kina kifungo kama cha baharia, kizuri wallahi.

Sasa hesabu ambayo yule bwana angenifanyia kwa dakika moja kama angekuwa na nia. Namba za Ulaya, hizi 20, 21, 22, kila namba ni kama milimita 6.7, yani ukiruka namba tatu umeruka sentimita mbili. 24 ndani ni kama sentimita 16. Mguu wa mwanangu, nlipokuja kuupima maji yashamwagika, ulikuwa 12.5. Mbele ya vidole inatakiwa nafasi ya kama sentimita 1.2, ndo upana wa kidole chako kidogo cha mkono. Kwa hio alihitaji 21 ama hata pungufu kidogo. Mie nlimvika jahazi, tena jahazi lenye pamba.

Idi Mosi tulimbeba kwa hio hakuna aliyeona kitu. Jioni Makadara kwenye mabembea akashuka, yuwatembea kama bata, kisigino chatoka kila hatua na yeye aburuta ili kisimponyoke. Nlifanyaje? Nlitoa simu nikamrekodi, nikaweka status, watu wakacheka, na mie nikacheka. Baba bora.

Idi Pili tukaenda Mama Ngina kupunga upepo. Nshanunua mihogo, nimemwachia mkono sekunde mbili, yeye akapanda ngazi moja, ya pili akapiga ile ncha ya mbele ambayo ndani haina mguu, ina pamba tu, yeye mwenyewe hajui kiatu chake kimefika wapi. Akaanguka na kidevu kwenye ukingo wa ngazi. Nyuzi tatu. Kanzu nyeupe ile usiiulize. Daktari akaangalia kidevu, akaangalia viatu, akaniangalia mie, hakusema neno. Mamake alisema ya wawili.

Nikarudi dukani na hasira zangu. Yule bwana akakishika kiatu, akaona kina damu, akaniambia hakirudi hicho kishavaliwa. Alaf, na hili ndo mpaka leo nikilala lanirudia, akaniuliza: "Kwani hukumpima mguu?"

Mie. Nimpime mie. Yeye aliyenitolea 24 kwa umri! Haya.

Na usinambie "basi utakiweka atakivaa baadaye" maana nlikiweka. Kabati la Mombasa unalijua. Mwaka wa pili Idi inakaribia nakitoa, ukungu wa kijani juu, gundi imeachia soli, na hata hivo nikamjaribishia maana mie sisikii, bado kinapwaya! Mguu wa mtoto wa umri huu hukua kama milimita moja na nusu kwa mwezi, piga hesabu uone. Kwa hio 2,500 yangu ilinunua nyuzi tatu na chakula cha ukungu.

Haya, kanuni yangu ni moja. CHELEWA. Njiti ya ufagio, ile ya kuti. Leo jioni (mguu jioni huwa umefura kidogo, asubuhi utakudanganya) mtoto ashaoga, msimamishe juu ya karatasi, kisigino kigote ukutani, awe amesimama kwa uzito wake si amekaa mapajani kwako, mguu ukibeba mwili hujitandaza. Tia alama kwenye kidole kilichotangulia, si lazima kiwe kidole gumba. Pima miguu yote miwili, uchukue ule mrefu, mara nyingi haiwi sawa. Ongeza upana wa kidole chako kidogo. Kata chelewa urefu huo. Hio ndo pasipoti, kiatu kisichoingia chelewa hakiingii nyumbani kwako, na kiatu ambacho chelewa yatembea ndani kama treni pia hakiingii.

Nduguyo kwa kuwa yuko mbali mtumie milimita za hio chelewa kwa simu, akate mrija wa soda urefu huo huko huko, autie ndani ya kiatu mpaka mwisho. Ukijikunja, kiatu ni kidogo. Asisome namba, namba ni porojo, 5 ya Uingereza na 5 ya Marekani zinapishana kama namba moja nzima, na hizo za "miezi 18 mpaka 24" ndo uongo mtupu, kwani watoto wote wa miezi 18 wamezaliwa na mama mmoja? Mie Kongowea naenda na chelewa mfukoni, rundo moja la mitumba lina viatu vya nchi tatu, watu wanicheka, wacha wanicheke.

Na hao wanaobonyeza kwa juu na kidole wakakwambia "nafasi ipo", mtoto ukimbonyeza hukunja vidole ndani, kwa hio nafasi itakuwepo hata kwenye kiatu cha mdoli. Wala usingojee alie. Mifupa yake bado laini, mguu waminywa na yeye acheka tu, kwa hio usije ukakimbia kikubwa kama changu ukaangukia kinachobana, ukanilaumu. Kila miezi miwili mitatu chelewa mpya.

Uliuliza na vya kamba ama vya kubandika, na ile ya vinavyolia pwii pwii, hizo ntakuja kukujibu. Kwanza huo mguu. Kama ni mnene umefura kama hamri mwambie nduguyo pia, achague kinachofunguka mpaka mbele, urefu usije ukawa sawa na mguu hauingii.

Mpime leo akishaoga uniandikie hapa milimita za miguu yote miwili. Niko macho mpaka saa sita, ntakupigia hesabu kabla nduguyo hajaingia dukani. Na shangazi yako akikwambia pamba, mpe nambari yangu.