Valvu Iliyokuwa Kichwani mwa Mzee

Uwanda wa Makonde hauna mito. Mvua ikinyesha, maji huzama mchangani na kwenda mbali chini, ndiyo maana sisi wa huku Mtwara tunategemea maji yanayosukumwa kwa pampu kutoka mabondeni. Bomba likipasuka, siku hiyohiyo ndoo zinapanga foleni.

Nilikuwa msimamizi wa ofisi ya maji fundi wetu mkongwe alipostaafu. Tulimuaga vizuri. Hati ya makabidhiano ilitaja spana, pikipiki na funguo za stoo, tukasaini. Wiki ya tatu bomba kuu likapasuka, na valvu ya kulifunga haikuwemo kwenye ramani. Tukachimba siku mbili. Mwishowe nikampigia simu.

"Mwanangu, mnachimba upande gani wa barabara?"

Kumbe greda lilishafukia shimo la valvu zamani, naye alilitambua kwa mkorosho wenye panda: hatua tisa kuelekea msikitini. Haikupita nusu saa, jembe likagonga mfuniko.

Ndugu mtumishi mwenzangu, umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi wa umma ni miaka 60. Tarehe hiyo inajulikana miaka mingi kabla, basi usingoje wiki ya sherehe. Mwaka mzima kabla, mpe mzee kijana wa kuongozana naye, watembee kwenye njia ya bomba. Ofisini atasimulia yaliyomo kwenye mwongozo tu. Kijana aulize kila wanaposimama: "Hapa pamewahi kuharibika nini?" Swali hilo hufungua mengi.

Jioni ileile kijana aandike dokezo, liingie masjala likiwa na namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, kwenye jalada la mtambo. Lisiwekwe kwenye jalada la mzee, maana hakuna atakayelifungua akishaondoka. Kurekodi kwa simu ni vizuri, ila simu huondoka na mwenyewe akihamishwa.

Wapo wazee wanaoficha, na siwalaumu. Kama ujuzi ndio heshima pekee aliyobaki nayo kazini, ataugawaje bure? Andika jina lake juu ya dokezo. Ukimwita baada ya kustaafu, mlipe nauli na posho.

Msimu uliopita mkorosho ule ulikatwa. Kijana wetu akaenda na futi kamba, akapima upya kutoka kona ya msikiti, akafungua folio nyingine.