Jiwe Limefanywa Nini? Maswali yenu kuhusu soko la vito la Tucson

*Msimu wa Tucson umekaribia, na barua zenu nyingi mwezi huu zinauliza habari za huko. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana ndani yake mna maswali ya wengi.*

Shikamoo Mama. Naishi Columbus, Ohio. Natengeneza hereni na mikufu nyumbani na kuuza kwenye masoko ya Jumamosi. Mwaka huu nataka kwenda Tucson kwa mara ya kwanza, na nimeweka akiba ya dola 2,000. Naambiwa asiye na hati za biashara haingii. Nianzie wapi, na nitajuaje kwamba sijauziwa kitu kisicho chenyewe? — Binti wa Tanga, Ohio

Marahaba mwanangu. Usidhani Tucson ni ukumbi mmoja wenye mlango mmoja. Kuanzia mwishoni mwa Januari hadi katikati ya Februari, mji ule wa jangwani wa Arizona unakuwa soko kutoka pembe hadi pembe. Kuna mahema, kumbi, viwanja, hata hoteli ambazo vitanda hutolewa vyumbani na meza za mawe kuwekwa mahali pake. Ni maonyesho yapata 40, kila moja na wenyewe na masharti yake. Mzizi wa yote ni onyesho la chama cha wapenda mawe cha mji huo, lililoanza mwaka 1955 katika shule ya msingi. Siku hizi liko Tucson Convention Center, na ndilo linalofunga msimu.

Kuhusu hati, ulichoambiwa ni kweli nusu. Maonyesho ya AGTA na GJX ni ya wafanyabiashara peke yao, na mlangoni wanataka uthibitisho wa biashara iliyosajiliwa. Kama biashara yako umeisajili Ohio, jiandikishe mapema, usingoje kufika. Lakini maonyesho ya Pueblo, Kino na 22nd Street yanapokea kila mtu, na kwa mtengeneza hereni mwenye dola 2,000 huko ndiko kwenye riziki yako: nyuzi za shanga, mawe yaliyong'arishwa, vipande vya akiki, amethisti za Brazili kwa kilo. Hati beba hata hivyo, kwa sababu ya kodi. Anayenunua ili auze tena hujaza fomu na kusamehewa kodi ya mauzo. Asiye nayo huongezewa zaidi ya asilimia 8 juu ya bei, na hizo ni pesa za nyuzi kadhaa.

Sasa hilo la kuuziwa kitu kisicho chenyewe. Wengi hufika mezani wakauliza maswali mawili: hili ni jiwe gani, na bei gani? Nakuomba uongeze la tatu, na usione haya kulirudia kila meza: *limefanywa nini?* Limechomwa? Limetiwa rangi? Limejazwa mafuta, gundi au kioo? Karibu kila jiwe la rangi lililo sokoni limepitia mkono wa mtu kabla ya kufika kwako, na kuna yaliyofanyiwa kazi halali kabisa. Sitrini nyingi unazoziona ni amethisti zilizochomwa zikageuka manjano. Hilo halina ubaya mradi usilipishwe bei ya sitrini iliyotoka ardhini na rangi yake. Zumaridi nyingi zina mafuta ndani ya nyufa, ni desturi ya zamani. Ubaya unaingia pale muuzaji anaponyamaza.

Chukua rubi zilizojazwa kioo chenye madini ya risasi. Zinavutia macho, nyekundu, kubwa, na bei yake inakufanya uamini una bahati. Ukizipeleka kwa sonara akaziweka kwenye moto au tindikali ya kusafishia, kile kioo kinaharibika na nyufa zote zinajitokeza. Hata maji ya limau yanakila. Halafu mteja wako anarudi kwako, si kwa muuzaji wa Tucson. Feruzi nayo itazame kwa makini. Upo kwenye nchi yake hasa, Arizona ina migodi ya feruzi yenye majina makubwa kama Kingman na Bisbee, na bado kwenye mahema utakuta haulaiti nyeupe iliyotiwa rangi ya buluu ikiitwa feruzi. Mwombe muuzaji ruhusa, kisha futa shanga moja kwa pamba yenye asetoni. Rangi ikihamia kwenye pamba, umeshapata jibu. Akikataa usijaribu, hilo nalo ni jibu.

Jibu lake lolote la maana liandikwe kwenye risiti: jina la jiwe, lilivyofanywa, uzito, bei. Miongozo ya serikali ya Marekani kuhusu biashara ya vito inamtaka muuzaji aseme pale jiwe lilipofanyiwa kitu kisichodumu, kinachohitaji uangalizi wa pekee, au kinachobadilisha thamani yake kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo humwombi hisani. Muuzaji mwaminifu ataandika bila kununa. Anayesema «niamini tu, dada yangu» huku kalamu iko mezani, mwachie mawe yake.

Mengine ni ya mwendo tu. Nunua lenzi ya mara 10, tochi ndogo, na mizani ya mfukoni. Taa za mahema zinapamba mawe, hivyo omba ruhusa usogee mlangoni ulitazame jiwe kwenye mwanga wa mchana kabla ya kukubali rangi. Ukitajiwa bei, uliza ni ya karati, ya gramu, ya kipande au ya uzi mzima. Na kama ni mzigo wa mawe mengi, uliza ni bei ya kuchagua au ya kubeba wote, kwa sababu ukichagua mazuri tu bei hupanda, na ni haki ipande. Kwenye nyuzi za shanga chungulia matundu: tundu lililokwenda upande litakata uzi wako baadaye, na rangi iliyotiwa hujikusanya pale kwenye tundu.

Utasikia kwamba siku za mwisho bei hushuka. Kwa vitu vizito, ndiyo. Mtu aliyesafirisha mawe ya kilo na kilo kutoka Madagascar au Brazili hapendi kuyarudisha. Kwa vito vizuri vilivyokatwa usitegemee hivyo, vinaingia kwenye mkoba mdogo na mwenyewe anapanda navyo ndege bila shida. Na ukinunua vizito, nenda posta uchukue yale maboksi ya bei moja. Yanapokea hadi pauni 70 bila kuongeza nauli, ni msaada mkubwa kwa mtu wa mawe. Vito beba mwenyewe, usiviweke kwenye sanduku la chini ya ndege.

Mama, salaam kutoka Moshi. Kaka yangu yuko Phoenix, anataka kuoa, na anataka kununua tanzanite ya pete huko Tucson. Mimi namwambia ni aibu kununua jiwe letu ugenini wakati Mererani, inakochimbwa, tunaiona kwa macho. Nani yuko sahihi? — Mdogo mtu

Aibu hakuna, mwanangu. Tanzanite na Tucson wanajuana siku nyingi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 gazeti kubwa la Marekani liliandika kwamba biashara ya jiwe letu inawanufaisha magaidi, na maduka kadhaa yakaacha kuliuza. Ilikuwa Tucson, Februari 2002, ambako wafanyabiashara na wawakilishi wa serikali yetu walikaa pamoja wakakubaliana namna ya kufuatilia jiwe kutoka mgodini hadi dukani. Makubaliano hayo hadi leo yanaitwa kwa jina la mji ule. Wanaapolo, wale wachimbaji wetu, waliokuwa shimoni wakati ule wanajua uchungu wa bei ilivyoanguka. Mimi nafurahi kuona jiwe lile kwenye meza za Tucson, limekatwa vizuri, na jina la nchi yetu ndani yake.

Kama atapita nyumbani Tanzania kabla ya harusi, anunue kwa muuzaji mwenye leseni, achukue risiti na karatasi za kusafirishia. Kama hapiti, anunue huko, ila awe macho. Nyingi ya tanzanite ya buluu ilitoka ardhini ikiwa ya kahawia, ikachomwa kwenye nyuzi joto 500 hadi 600 hivi. Hiyo ni kawaida ya jiwe lenyewe na rangi haitoki. Anachotakiwa kukiogopa ni kuuziwa fosteraiti, jiwe jingine linalotengenezwa maabara, au kioo, au jiwe lililopakwa rangi juu. Ageuze jiwe taratibu mbele ya mwanga: tanzanite ya kweli huonyesha buluu upande mmoja na zambarau upande mwingine, kioo hakibadiliki. Fosteraiti nayo hubadilika, kwa hiyo achungulie kwa lenzi kupitia uso wa juu. Kingo za nyuma zikionekana mbilimbili waziwazi, aiache mezani. Kwa pesa ya pete ya ndoa, mimi ningedai na cheti cha maabara inayojulikana.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi sana. Tanzanite ni laini kwa pete ya kila siku. Ugumu wake uko kati ya 6 na 7, na vumbi la kawaida lina chembe za ugumu wa 7. Sonara aizungushie ukingo wa dhahabu badala ya kuiinua kwenye kucha ndefu, na wifi yako aivue akiosha vyombo. Isisafishwe kwa mashine ya mtetemo wala mvuke. Wakitaka jiwe la kijani litakalostahimili zaidi, na la kwetu vilevile, kuna tsavorite. Inachimbwa Tanzania na Taita Taveta, na kwa kawaida haichomwi wala kutiwa chochote.

Mama, jambo. Niko Lubumbashi. Ndugu yangu alikwenda Tucson, anasema malakiti ya Katanga imejaa kule, lakini ingine ni ya uongo. Tutaitambua namna gani? — Msomaji wa Lubumbashi

Jambo sana, ndugu. Shika kipande mkononi kwanza. Malakiti ina shaba ndani, ni nzito kuliko unavyotarajia na ni baridi kwenye kiganja. Ya plastiki ni nyepesi na hupata joto upesi. Halafu soma mistari. Ya kweli haifanani upana, inapinda, inajizungusha, kijani cheupe kinaingia kwenye kijani kilichokolea kidogokidogo. Ya uongo ina mistari iliyonyooka, sawasawa, na rangi nyeusi kabisa kati yake. Mkikata wenyewe, kateni kwenye maji na mvae kinga ya pua, maana vumbi lake ni sumu.

Na kwa wanaouza sampuli za fuwele, dioptasi au kalisaiti ya waridi yenye kobalti: andikeni jina la mgodi kwenye kikaratasi tangu siku jiwe linapotoka. Musonoi, Mashamba, Kakanda, mahali palepale hasa. Mkusanyaji hulipia historia ya jiwe pamoja na jiwe, na lisilo na anwani huuzwa kwa bei ya pambo. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu wachimbaji wetu wanapoteza pesa nyingi hapo, na kikaratasi hakigharimu kitu.

Mwanangu wa miaka kumi anaokota mawe kila tunapokwenda. Tunaishi Tempe, na tuna siku moja tu ya kwenda Tucson. Tumpeleke wapi? — Baba Salma

Mpelekeni kwenye lile onyesho kubwa la chama, Tucson Convention Center. Lina kiingilio, lakini majumba ya makumbusho huleta huko fuwele ambazo hazionekani madukani, na mtoto atayaona mawe kwa ukubwa wake. Mpe dola zake 20 achague mwenyewe, na asiondoke mezani bila kuandika jina la jiwe na lilikotoka. Mnunulie pia tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV). Fuwele ikiwa imegandishwa kwenye mwamba kwa gundi, mara nyingi gundi hiyo hung'aa chini ya mwanga huo, na watoto wanaiona haraka kuliko sisi.