Kabla Hujanunua Mashuka ya Bei ya Ng'ombe

Kwa muda wa miaka saba nilikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hoteli moja ya ufukweni, upande wa mashariki wa Unguja, na kazi yangu ya kila alfajiri ilikuwa kuhesabu mashuka, foronya na mataulo, kutenga yenye madoa, na kuondoa yale yaliyoanza kuchanika kwenye pindo. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kulalia hata shuka moja kati ya yale yaliyopita mikononi mwangu. Nyumbani nilikuwa na shuka la polista lenye maua, lile ambalo usiku wa joto hung'ang'ania mgongoni, na nililala vizuri tu kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nayataja haya mapema ili msomaji ajue kwamba upuuzi nitakaousimulia sikuufanya kwa kutojua mashuka. Niliufanya nikiwa mjuzi wa mashuka, jambo ambalo ni baya zaidi.

Baada ya kuacha kazi nilihamia Dar es Salaam na kuanza kwenda Dubai kufuata mzigo wa nguo za watoto. Safari moja, mzigo ukiwa umeshafungwa na ndege ikiwa bado ya usiku, niliingia katika duka la matandiko lenye ubaridi na harufu ya waridi, nikiwa na nia ya kutazama tu. Muuzaji, kijana mwenye adabu kupita kiasi, alinitandazia shuka juu ya meza ya kioo na kuniomba niguse kwa upande wa nyuma wa kiganja, akidai kwamba huko ngozi husikia zaidi. Shuka lilikuwa la baridi, zito, lenye mng'ao kama wa ndani ya kome. Kwenye mfuko wake wa kitambaa ilidariziwa kwa uzi wa dhahabu namba moja tu: 1,200. Seti ya mashuka mawili na foronya nne ilikuwa dirham 2,400, ambazo kwa fedha yetu wakati ule zilizidi shilingi milioni moja na nusu, yaani ng'ombe dume mnono na chenji ya mbuzi. Nililipa.

Nisiwe mnafiki: usiku wa kwanza ulikuwa mtamu. Nilioga, nikajipaka mafuta, nikaingia kitandani polepole kama mtu anayeingia majini, na nikatambua kwamba wanaotumia fedha nyingi kwa ajili ya kitanda hawana wazimu hata kidogo. Mtu hutumia karibu theluthi ya maisha yake akiwa amelala, na hakuna nguo inayoigusa ngozi yake kwa muda mrefu kuliko shuka. Ukiniambia kwamba raha hiyo ni ya kujidanganya, nitakukatalia.

Shida ilianza wiki ya pili, mwezi wa Februari, umeme ulipokatika usiku. Bila kiyoyozi, lile shuka lililokuwa kama maji lilianza kunifunika kama turubai, jasho likawa halina pa kwenda, na saa tisa za usiku nililivua na kulala juu ya kanga. Siku ya kulifua ndipo nilipofahamu nilichokuwa nimenunua. Likiwa limelowa halikukamulika na mtu mmoja. Ilibidi tushike ncha huku na huku, mimi na msichana wa jirani, kama wavuvi wanaovuta nyavu. Masika yalipoingia lilichukua siku mbili kukauka na likaanza kunuka uvundo. Kisha nilifanya jambo ambalo ningelifanya dukani kama akili ingekuwa mahali pake: nililipeleka kwa muuza nafaka nikalipima kwenye mizani, pamoja na shuka kuukuu la hotelini ambalo ukubwa wake ulikuwa ule ule. Langu lilikuwa karibu mara mbili kwa uzito.

Uzito huo ndio uliofichua siri ya ile namba ya dhahabu. Namba inayoandikwa kwenye mashuka ni hesabu ya nyuzi katika inchi moja ya mraba ya kitambaa, za mtande, yaani zinazokwenda kwa urefu, na za mshindio, zinazokwenda kwa upana, zikijumlishwa pamoja. Kwa nyuzi za pamba za kawaida, nafasi hiyo hujaa mapema sana: ukishafika 400 au 500, hakuna tena mahali pa kupenyeza uzi mwingine. Wenye viwanda walipogundua kwamba wateja huifuata namba, walipata njia. Badala ya kutumia uzi mmoja mwembamba, husokota pamoja nyuzi mbili, tatu au nne za ubora wa chini, kisha huhesabu kila mmoja kana kwamba ulifumwa peke yake. Kitambaa cha 300 kikawa cha 1,200 kwa hesabu tu, na uzito ukaongezeka, kwa sababu kamba nne zilizosokotwa pamoja ni nene kuliko uzi mmoja. Mwaka 2005 wataalamu wa tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara, Federal Trade Commission, walitoa maoni kwamba kuhesabu kwa namna hiyo kunaweza kumpotosha mnunuzi. Mimi nilipotoshwa miaka mingi baadaye, na hotelini tulikuwa tukitandika mashuka ya 250 na 300 ambayo wageni waliyasifu hadi wengine wakauliza yanapouzwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuiacha namba na kuuliza mambo mawili: nyuzi za pamba yenyewe, kabla ya kusokotwa kuwa uzi, zina urefu gani, na kitambaa kimefumwaje. Pamba bora ni ile ambayo nyuzi zake ni ndefu, milimita 35 hivi na kuendelea, kwa kuwa uzi wake hauna ncha nyingi zinazochomoza na kutengeneza vile vipele tunavyoviona kwenye mashuka ya bei rahisi baada ya kufuliwa mara chache. Misri ilipata sifa yake kwa pamba ya namna hiyo, lakini maneno "pamba ya Misri" kwenye pakiti si ushahidi wa kitu. Mwaka 2016 kampuni ya Target ya Marekani ilivunja uhusiano na kiwanda cha Welspun cha India baada ya kubaini kwamba mashuka na foronya zipatazo 750,000 zilizouzwa kwa jina la pamba ya Misri zilikuwa na pamba nyingine. Kama duka kubwa kiasi hicho, lenye wakaguzi wake, liliuziwa jina kwa miaka miwili, wewe na mimi tulio na mkoba begani tutajilinda kwa nini?

Kuhusu ufumaji, kuna aina mbili za kukumbuka. Ya kwanza ni ile ya uzi kupita juu mara moja na chini mara moja, ambayo wauzaji huiita pakali. Hutoa shuka jepesi, kavu kidogo mkononi, linalopitisha hewa na kuzidi kuwa laini kila linapofuliwa. Ya pili ni satini ya pamba, ambayo uzi hupita juu ya nyuzi kadhaa kabla ya kuzama chini ya mmoja, na ndiyo inayotoa ule mng'ao ulionipumbaza. Satini inafaa Arusha, Njombe au Limuru. Kwa mtu anayelala Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, ambako hata usiku hewa ni nzito, nunua pakali ya 200 hadi 300 na usisikilize maneno ya mtu.

Pakali nzuri haihitaji ndege. Katika marobota ya mitumba, pale Karume jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi, hujitokeza mashuka meupe yaliyokwisha kustaafu kutoka hoteli za Ulaya, na mara nyingi ni pamba ambayo huwezi kuipata mpya kwa bei mara kumi. Utayatambua kwa uzi wa rangi, mwekundu au wa buluu, ulioshonwa kwenye pindo ili wafuaji wajue ukubwa wa shuka bila kulikunjua. Liinue kwenye mwanga uone kama katikati limechoka kuliko pembeni. Kisha chomoa uzi mmoja, uende nao kando na uuwashe: pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu yanayosagika, lakini polista huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Wauzaji wengine hukasirika ukifanya hivyo, na hasira yao nayo ni jibu.

Nimesema habari za shuka tu, na shuka ni mwanzo wa ngazi. Iceland kuna bata wa bahari aitwaye eida, ambaye jike lake hujinyonyoa malaika, yaani manyoya laini, ya kifuani na kuyatandika kwenye kiota ili mayai yapate joto. Wakulima wa huko huvilinda viota dhidi ya mbweha, kisha huyakusanya malaika hayo kwa mikono na kuyasafisha. Ndege mwenyewe amekatazwa kuwindwa tangu mwaka 1847. Kilo moja hutaka viota vipatavyo 60, na nchi nzima hutoa takribani tani tatu tu kwa mwaka. Duveti, yaani mfarishi wa kujifunika, lililojazwa malaika hayo huuzwa kwa maelfu ya dola, na nikiitazama kazi yenyewe siwezi kusema kwamba wanaibia watu: kila unyoya una vikulabu vidogo mno vinavyoshikana na vya jirani yake, hivyo joto hukaa ndani ya kitu kisicho na uzito. Kwa mtu wa Iceland ni akili. Kituko kipo kwetu. Ninamfahamu bwana mmoja wa Masaki aliyenunua duveti la bata, tena si la eida bali la kawaida, na ili aweze kujifunika huteremsha kiyoyozi hadi nyuzi joto 17 usiku kucha. Ananunua baridi kwa umeme wa luku ili aweze kutumia joto alilolinunua kwa dola.

Juu kabisa ya ngazi hiyo yupo farasi. Kampuni ya Hästens ya Uswidi, iliyoanzishwa mwaka 1852, hutengeneza vitanda vyenye miraba ya buluu na nyeupe vilivyojazwa singa za farasi, na kitanda chake kiitwacho Grand Vividus kilipotoka mwaka 2020 bei yake ilitajwa kuwa karibu dola 400,000. Nilipoisoma bei hiyo nilicheka, kisha nikasoma sababu ya kutumia singa, nikanyamaza. Wanasema singa hunesa kama springi na kupitisha hewa, hivyo jasho la mwili hupata njia ya kutoka na godoro hubaki kavu. Nilimkumbuka bibi yangu aliyekuwa na godoro la usumba, lililojazwa nyuzi za makumbi ya nazi, na mito ya sufi iliyotoka kwenye msufi uliokuwa nyuma ya nyumba. Usumba nao hunesa na kupitisha hewa. Sufi haishiki maji kwa urahisi, kwa kuwa uzi wake una uwazi ndani na utando kama wa nta kwa nje. Kasoro yake ni kwamba hugandamana, kwa hiyo kila baada ya muda bibi aliifumua mito, akaichambua sufi juu ya jamvi na kuianika juani, na sisi watoto tulipiga chafya siku nzima. Sisemi kwamba godoro la bibi lilikuwa sawa na la dola 400,000. Lilikuwa na mabonde, na usumba ulichoma. Nasema tu kwamba shida waliyoikusudia mafundi wa Uswidi, ya kuuacha mwili upumue, ilishatafutiwa dawa hapa kwa kilichokuwepo, na kwamba ile povu nene tuliyoikimbilia baadaye ndiyo inayotupika.

Wala sisi watu wa pwani tusijifanye kwamba makuu ya kitandani tumeletewa na watalii. Kitanda cha samadari chenye nakshi na vioo kilikuwa fahari ya nyumba, na hadi leo kuna shughuli za harusi ambazo udi wa kufukizia matandiko ya bibi harusi hugharimu kuliko matandiko yenyewe. Udi ule huungua kwa dakika chache na kwisha. Hata hivyo sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba fedha imepotea, na mimi mwenyewe nikipata kipande kizuri hufukizia foronya zangu bila ya harusi yoyote.

Yaliyobaki ni ya chumba cha kufulia, na hayana gharama. Kuwa na seti tatu za kawaida badala ya moja ya kifahari: moja kitandani, moja kwenye kamba, moja kabatini. Shuka jipya lifue kabla ya kulilalia, kwa sababu ulaini wa dukani mara nyingi ni dawa ya kiwandani inayotoka kwenye maji ya kwanza. Dawa ya kulainishia nguo iache, kwani huacha utando unaozuia pamba kunyonya jasho. Dawa ya klorini itumie kwa madoa tu, kwa kuwa hula nyuzi, na mashuka mengi niliyoyaondoa hotelini hayakuuawa na wageni, yaliuawa na sisi wafuaji. Anika juani, lianue likiwa bado na unyevu kidogo, na lipige pasi hapo hapo. Shuka la shilingi elfu ishirini lililopigwa pasi likiwa na unyevu litamshinda mwenzake wa Dubai aliyetolewa kwenye beseni na kukunjwa.

Seti ile ninayo bado. Huitandika Juni na Julai, upepo wa kusi unapoleta ubaridi, na nikilala juu yake naifurahia kama siku ya kwanza. Ule mfuko wenye namba ya dhahabu umetundikwa uani, na ndani yake ninaweka vibanio vya kuanikia nguo.